Je, Wajua? Jiwe Lenye Vichochoro

Je, wajua kwamba lipo jiwe ambalo ukilichoma linatokota kama uji? Mwaka 1756 mtaalamu wa madini wa Sweden, Axel Fredrik Cronstedt, alikipulizia kipande cha jiwe ndimi za moto kwa bomba jembamba, kama afanyavyo sonara. Jiwe likavimba, likatoa mvuke, likafanya mapovu. Akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, zeo, yaani kuchemka, na lithos, yaani jiwe, ndipo likazaliwa jina zeoliti. Cronstedt huyo ndiye aliyegundua nikeli mwaka 1751, kwa hiyo hakuwa mtu wa kushangazwa na kila kokoto.

Je, wajua mvuke ule ulitoka wapi? Haukutoka kwenye nyufa. Ulitoka ndani ya muundo wa jiwe lenyewe. Mtu aliyewahi kupotea Mji Mkongwe wa Unguja ataelewa upesi kuliko mwanafunzi wa kemia: zeoliti ni mji wa vijumba na vichochoro, ila hapa kila kichochoro kina upana uleule tangu mwanzo wa mji hadi mwisho, na hakuna nyumba iliyojengwa upogo. Tofali lake ni atomi moja ya silikoni au ya alumini iliyozungukwa na oksijeni nne. Umbo lake ni la zile pakiti za maziwa za pembetatu ambazo waliosoma shule za msingi Kenya miaka ya 1980 wanazikumbuka kama maziwa ya Nyayo. Pakiti hizo hugusana pembe kwa pembe, na kila pembe ni oksijeni inayomilikiwa na pakiti mbili. Zipange hivi, unapata jengo moja. Zipange vile, jengo jingine kabisa.

Majengo yaliyokwisha kusajiliwa kimataifa yanazidi 250, na kila moja lina jina la herufi tatu. Kompyuta, kwa upande wake, zimechora mamilioni ya mipangilio ambayo kwa hesabu ingewezekana. Kwa nini maabara zimefanikiwa kujenga sehemu ndogo hivyo? Hilo bado linawakosesha wanakemia usingizi.

Je, wajua vichochoro hivyo vina upana gani? Kati ya nanomita 0.3 na 1 hivi. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko tundu la kawaida la zeoliti zaidi ya mara laki moja. Kwa kuwa matundu ni mengi kupita kiasi, kuta za ndani za gramu 10 tu za zeoliti aina ya Y, unga wa kutosha kijiko cha mezani, zikitandazwa zingefunika kiasi cha uwanja mzima wa mpira.

Je, wajua kwamba kila nyumba yenye alumini ina deni? Silikoni ina chaji nne, alumini ina tatu. Alumini ikikaa mahali pa silikoni, ukuta unabaki na chaji hasi moja isiyolipwa, na lazima aje mpangaji mwenye chaji chanya kuisawazisha: sodiamu, potasiamu, kalsiamu. Mpangaji huyo hakai kwa hati. Mjerumani Eichhorn alionyesha mwaka 1858 kwamba anaweza kutolewa akaingizwa mwingine, kisha akarudishwa yule wa kwanza, na jengo lisitikisike. Karibu kila kazi utakayosoma hapa chini inaanzia kwenye deni hilo dogo la chaji moja.

Chukua sabuni ya unga. Anayefua kwa maji ya kisima yenye chokaa anajua adha yake: povu haliji, na nguo inabaki na utando. Kinachokula sabuni ni kalsiamu na magnesiamu. Zamani viwanda viliongeza fosfeti kuvishika viwili hivyo, lakini fosfeti ikishafika ziwani inakuwa mbolea ya mwani, mwani ukioza unamaliza oksijeni ya maji, samaki wanaelea matumbo juu. Miaka ya 1970 kampuni ya Henkel ya Ujerumani ilisukuma mbele zeoliti A kuchukua nafasi hiyo: inatoa sodiamu yake, inakamata kalsiamu, inaondoka na maji machafu. Hadi leo, ukipima kwa tani, sabuni ndiyo mlaji mkubwa wa zeoliti zinazotengenezwa viwandani. Watu husifu kemia ya petroli, lakini tani nyingi zimepitia kwenye karai.

Je, wajua kwamba zeoliti hupikwa? Sitanii. Unachanganya silikati ya sodiamu, aluminati ya sodiamu, kostiki ileile ya watengeneza sabuni, na maji. Mchanganyiko unaganda kama uji mzito mweupe. Ukiuacha kwenye joto la nyuzi 100 hivi kwa saa chache, uji unajipanga wenyewe kuwa fuwele za zeoliti A. Mpishi asiyeangalia saa ataadhibiwa: akipitiliza, fuwele za A huyeyuka na kujijenga upya kuwa sodaliti, yenye vijidirisha vidogo mno hata haifai kwa kazi nyingi. Zeoliti ni kituo cha njiani. Ikiachwa jikoni muda mrefu itaelekea kuwa jiwe zito lisilo na vichochoro.

Mfaransa Sainte-Claire Deville alijaribu upishi huu mwaka 1862. Richard Barrer, Mwingereza aliyezaliwa New Zealand, aliupeleka mbali miaka ya 1940. Ila mageuzi yalitoka kwa Robert Milton wa kampuni ya Union Carbide, jimbo la New York, tangu mwaka 1949. Wengi waliomtangulia waliiga volkano: joto kali, presha kali, kusubiri sana. Milton akaacha kuiga. Akaanza na uji laini ulio mwepesi kubadilika, akaupika kwa joto la chini, na zeoliti zikatoka ambazo hazikuwa na kifani. A ni mojawapo. X na Y, zenye umbo la madini adimu ya fojasiti, zilifuata jikoni humohumo. Mwaka 1954 kampuni ilikuwa tayari inauza baadhi yake.

Katika kundi hilohilo alikuwemo Edith Flanigen, aliyeajiriwa mwaka 1952. Alishiriki kuvumbua zaidi ya dutu 200 mpya, akatengeneza na zumaridi ya maabara, na mwaka 2014 Rais Obama alimvisha nishani ya taifa ya teknolojia. Tunawataja akina Einstein kila siku. Huyu mama petroli ya dunia ilipita mikononi mwake, na jina lake wengi tunalisoma leo.

Je, wajua kalibu ya tofali inayoliwa na moto? Zipo zeoliti ambazo haziumbiki kwa chumvi peke yake. Mpishi anatia chungu molekuli kubwa ya kikaboni, kuta zinajijenga kuizunguka, na fuwele inazaliwa na kalibu ikiwa imekwama ndani. Kuitoa kwa mkono haiwezekani, kwa hiyo inachomwa kwenye nyuzi 550 hivi mpaka iwe moshi. Panapobaki wazi ndipo kichochoro. ZSM-5, nyota ya viwanda vya leo, ilizaliwa hivyo kwenye maabara za Mobil, ndani ya chungu cha presha chenye joto la nyuzi 150 hadi 180, na hataza yake ilitolewa mwaka 1972. Herufi zake ni kifupi cha jina la zeoliti na jina la zamani la kampuni, Socony Mobil.

Halafu sikia kioja. Kwa miaka mingi ZSM-5 ilihesabiwa kuwa kazi ya mikono ya watu tupu, kitu ambacho maumbile hayakuwahi kukijaribu. Mwaka 1997 Waitaliano wakatangaza madini yaliyookotwa kwenye mawe ya volkano ya Mlima Adamson, bara la Antaktika. Muundo ni uleule. Wakayaita mutinaiti, kwa jina la Kilatini la mji wao wa Modena. Maumbile yalikuwa na hataza ya zamani zaidi.

Je, wajua kwamba neno la Kiswahili limo katika kamusi ya wapika zeoliti duniani kote? Neno hilo ni magadi.

Mwaka 1967 mwanajiolojia Hans Eugster wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alieleza madini mawili mapya kutoka kwenye matabaka ya udongo wa Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya. Moja aliliita magadiiti, la pili kenyaiti. Miaka mitatu baadaye likaongezeka la tatu kutoka bonde hilohilo, makatiti, kutokana na neno la Kimaasai emakat, ambalo nalo maana yake ni magadi. Chimbuko ni moja: maji ya ziwa ni makali kiasi cha kuyeyusha silika ya majivu na miamba ya volkano, na hali ikibadilika silika hiyo hutuama pamoja na sodiamu katika matabaka membamba kama kurasa za msahafu. Magadiiti ikiachwa miaka mingi hupoteza sodiamu na kugeuka gumegume, na wanajiolojia wanaookota gumegume za aina hiyo nchi za mbali huziita kwa jina la Magadi.

Kusema kweli hizi tatu si zeoliti kamili. Hazina alumini, nazo ni kurasa badala ya vijumba. Lakini ni jamaa wa karibu, tena jamaa wasioalikwa: anayepika zeoliti yenye silika nyingi mara nyingi hukuta magadiiti au kenyaiti imejitokeza chunguni bila kuitwa. Wengine wameigeuza bahati mbaya hiyo kuwa mtaji. Wanaanza na magadiiti kwa makusudi, wanaipa kalibu na joto, na kurasa zinajikunja kuwa ZSM-5. Mwanafunzi wa China au Ujerumani anapoandika neno hilo katika daftari lake la maabara, sidhani kama anajua kwamba bibi mmoja wa Pwani hulitamka kila akichemsha maharage magumu.

Na si Magadi peke yake. Bonde la Oldupai, ambalo vitabu vilizoea kuliita Olduvai, liliwahi kuwa na ziwa la chumvi na magadi. Majivu ya volkano za jirani yaliangukia ziwani, yakakaa, yakageuka zeoliti: chabaziti, filipsiti, analsimu. Mwanajiolojia Richard Hay aliyasoma matabaka hayo kwa miaka na kuyatumia kutambua maji ya ziwa yalikuwa makali kiasi gani na yalifika wapi. Wageni huja kuona mafuvu. Udongo unaoyazunguka wanaukanyaga tu.

Je, wajua kwamba malighafi yake unaweza kuikuta nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga? Pumba ngumu za mpunga zikiungua zinabakiza majivu ya takriban moja ya tano ya uzito wake, na zaidi ya asilimia 90 ya majivu hayo huwa ni silika. Kaolini nayo, udongo mweupe kama ule wa vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, ina silikoni na alumini kwa uwiano uleule unaohitajiwa na zeoliti A: moja kwa moja. Unaichoma kwanza kwenye nyuzi 600 hadi 700 ili fuwele zake zivunjike, kisha kostiki, kisha chungu. Majivu ya makaa ya mawe ya vituo vya umeme pia yanapikika, ingawa yana takataka nyingi.

Je, wajua nini hufanyika zeoliti ikitoka jikoni? Inaingia gereji. Sodiamu inaondolewa kwa amonia iliyo katika chumvi, kisha fuwele inapashwa moto, amonia inapaa na kuacha haidrojeni mlangoni. Sasa kila nyumba iliyokuwa na deni imekuwa nukta ya asidi, kali lakini iliyofungiwa ndani ya jiwe. Unaweza kuishika kiganjani. Jaribu hivyo kwa asidi ya betri.

Marekebisho mengine yanafanana na ya manispaa. Zeoliti Y ikipigwa mvuke wa moto inapoteza sehemu ya alumini yake. Deni linapungua, na jengo linakuwa gumu kiasi cha kuvumilia joto ambalo lingelibomoa. Ikiogeshwa kwa kostiki, silikoni ndiyo hung'oka, na katikati ya vichochoro zinachimbwa barabara pana ili molekuli kubwa ziingie na kutoka bila msongamano. Yote ni suala la kipimo, kwa maana ukizidisha kostiki umebomoa mtaa mzima.

Je, wajua kwamba petroli uliyotia kwenye pikipiki asubuhi huenda ilipita ndani ya jiwe hili? Mafuta ghafi yanapokenekwa, sehemu kubwa inabaki mazito: minyororo mirefu isiyofaa injini ya petroli. Mfaransa Eugène Houdry aliianzisha kazi ya kuikata kibiashara mwaka 1936 nchini Marekani, akitumia udongo uliooshwa kwa asidi. Udongo ulikata, lakini ovyo, ukizalisha masizi na gesi nyingi. Charles Plank na Edward Rosinski wa Mobil wakaweka zeoliti, na kichocheo chao kikaingia viwandani mwaka 1962. Petroli iliyotoka kwenye pipa lilelile iliongezeka, na baada ya miaka michache udongo ulikuwa hadithi.

Mtambo wenyewe ni wa kustaajabisha. Kichocheo ni unga laini unaopeperushwa na mvuke hadi unatiririka kama maji. Unakutana na mafuta ya moto kwenye bomba refu la wima, nyuzi 500 na ushei, kwa sekunde chache tu. Katika sekunde hizo asidi ya ndani inaikata minyororo, na masizi yanaziba vichochoro. Unga uliozibwa unamwagikia tanuri la pili, masizi yanaunguzwa kwenye nyuzi 700 hivi, na joto la kuungua huko ndilo linalorudi kuendesha bomba la kwanza. Hivyo usiku na mchana, bila kupumzika.

Viwanda vyetu viwili vya pwani, TIPER ya Kigamboni na kile cha Changamwe, Mombasa, vilikuwa vya aina nyepesi, visivyo na mtambo huu, kwa hiyo mazito yaliuzwa kama mazito. Cha kwanza kiliacha kusafisha mafuta mwaka 1999, cha pili mwaka 2013, na vyote vikabaki matangi ya kuhifadhia. Petroli inayoshushwa leo kwenye bandari hizo imekatwa na zeoliti za watu wengine.

Je, wajua bawabu anayepitisha wembamba tu? Mwaka 1960 Paul Weisz na Vincent Frilette wa Mobil waliandika kwamba kichocheo kinaweza kuchagua kwa umbo: molekuli inayotoshea inahudumiwa, isiyotoshea inasubiri nje. Mfano mzuri ni zailini. Wapo ndugu watatu wenye atomi zilezile, tofauti ni mahali mikono ilipopachikwa. Anayeitwa para amenyooka kama mchi. Wenzake wawili wamejikunyata viwiko nje. Ndani ya ZSM-5 para hupita kasi mara elfu na zaidi, na wenzake wanaokwama wanaendelea kupigwapigwa na asidi mpaka baadhi yao nao wageuke para na kuponyoka. Kiwanda kinamtaka para peke yake, kwa kuwa ndiye anayekuwa chupa ya plastiki ya maji na uzi wa poliesta. Shati lisilohitaji pasi lilianzia kwenye mlango wa nusu nanomita.

Je, wajua nchi iliyogeuza gesi kuwa petroli kwa ZSM-5? New Zealand. Baada ya bei za mafuta kupaa miaka ya 1970, ilijenga kiwanda Motunui, kikaanza mwaka 1985: gesi asilia inakuwa methanoli, methanoli inaingia vichochoroni, inatoka petroli, mapipa 14,500 hivi kwa siku. Vichochoro ndivyo vinavyoweka mpaka wa urefu wa minyororo, hivyo hakuna kilichozidi kimo cha petroli. Bei zilipoanguka, hesabu ikakataa, wakabaki kuuza methanoli. China ikamtumia jamaa wa zeoliti aitwaye SAPO-34, mwenye milango midogo zaidi: mwaka 2010 mtambo wa Baotou ulianza kugeuza methanoli ya makaa ya mawe kuwa malighafi ya plastiki, uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka.

Haraka haraka, mengine.

Ukichomeka titani badala ya alumini unapata TS-1, kazi ya Waitaliano ya mwaka 1983. Hufanya kazi na haidrojeni peroksidi, na mabaki yake makuu ni maji.

Malori mapya ya dizeli hubeba tangi la pili, la maji ya urea. Kwenye bomba la moshi kuna zeoliti yenye shaba, ya umbo la chabaziti, inayokutanisha amonia ya urea hiyo na oksidi za naitrojeni, na kinachotoka ni naitrojeni na maji.

Mpika gongo hata akeneke mara mia, pombe yake haivuki asilimia 95.6 kwa uzito. Pale maji na spiriti huchemka pamoja na kupaa pamoja. Zeoliti 3A inamaliza ubishi: tundu lake linapitisha molekuli ya maji, linakataa ya ethanoli.

Chujio la hewa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga hunasa kabonidayoksaidi ya pumzi za wanaanga kwa zeoliti, kisha huitema nje.

Three Mile Island mwaka 1979, Chernobyl mwaka 1986, Fukushima mwaka 2011: kote zeoliti ziliitwa kunasa sesiamu yenye mnururisho majini.

Wamaya wa Tikal, Guatemala ya leo, walichuja maji ya bwawa lao moja kwa mchanga wenye zeoliti na kwatsi, miaka kama 2,000 iliyopita. Watafiti walilitangaza hilo mwaka 2020.

Je, wajua kwamba jiwe hili lina ndugu muuaji? Jina lake erioniti. Fuwele zake ni nyuzi nyembamba kama sufi, na zikivutwa puani hufika mapafuni na kukaa. Vijiji vya Kapadokia nchini Uturuki, kama Karain na Tuzköy, vilijengwa juu ya mawe yenye nyuzi hizo, na vingine kwa mawe hayohayo; watu wakafa kwa wingi kwa saratani ya utando wa mapafu, ile inayojulikana zaidi kwa asbestosi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka erioniti katika kundi la kwanza, la visababishi visivyo na shaka. Nayo hupenda mabonde ya maziwa ya magadi, yakiwemo ya kwetu. Zeoliti za sabuni hazina nyuzi, hazihusiki. Lakini anayeniuzia unga wa "mawe ya volkano ya kusafisha mwili" bila kujua ni madini gani, mimi simpi hata shilingi.

Na la mwisho, kwa kuwa liko karibu nasi kuliko petroli. Je, wajua kinachofanyika ndani ya mashine ya oksijeni kando ya kitanda cha mgonjwa? Haitengenezi oksijeni. Inavuta hewa ya chumbani, yenye naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21, na kuisukuma kwa presha kwenye mtungi wenye punje za zeoliti. Wengi hudhani punje zinachekecha kwa ukubwa. Sivyo, gesi zote mbili zinaingia. Ila naitrojeni ina namna ya kuvutwa zaidi na wale wapangaji wenye chaji, hasa wakiwa sodiamu au lithiamu. Inang'ang'ania kuta, oksijeni inapita. Mtungi ukijaa, presha inashushwa, naitrojeni inaachia na kutemwa nje, huku mtungi wa pili ukiwa umeshika zamu. Ule mlio wa pshh unaosikika kila baada ya sekunde kadhaa ni mabadilishano ya zamu. Mgonjwa anapata oksijeni ya asilimia 90 hadi 96. Haifiki 100 kwa sababu agoni ya hewani inapita pamoja nayo. Mitambo mikubwa iliyofungwa hospitalini kote Afrika Mashariki wakati wa UVIKO-19 ni kanuni hiihii, punje zikiwa tani badala ya kilo.

Adui wa punje hizo ni kilekile alichokiona Cronstedt kikitoka kwa mapovu: maji. Zeoliti huyapenda maji kuliko naitrojeni kwa mbali, na yakishaingia, kushusha presha hakuyatoi. Yanataka moto wa nyuzi 200 na zaidi. Mashine iliyowekwa stoo miezi mingi kwenye unyevu wa Tanga au Lamu, mfuniko wazi, inaweza kuwashwa ikavuma vilevile, taa ya kijani ikawaka, na kipimo cha mtiririko kikasimama pale pale. Kinachotoka kinakuwa hewa inayokaribia ya chumbani. Fundi anayeijua kazi yake hategi sikio. Anachomeka kipimo cha oksijeni kwenye bomba, anasubiri dakika kadhaa, na namba ikisoma chini ya 82 anaiandika mashine hiyo mbovu, hata kama ni mpya na bado ina karatasi ya dukani.